Picha ya Kabla ya Masika

Assalamu alaykum. Masheha wetu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama madirishani kwa kukosa viti, ahsanteni.

Nianze na hapa hapa Pemba. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba kikaipita, na tangu hapo karafuu ikawa ya Wapemba. (Kicheko.) Msicheke sana, safari nyengine huenda ikawa zamu yetu. Aliyetaka kujua kilichopotea siku zile ilibidi atembee kwa miguu. Leo sisi tunaotafuta mafuriko tunapigiwa picha na satelaiti kutoka karibu kilomita 700 juu, na swali la kwanza bado ni lile lile: hapa palikuwa na nini?

Masika yetu mnayajua, wingu hukaa hata wiki. Satelaiti ya kamera wakati huo inapiga picha ya wingu, basi. Mafuriko tunayatafuta kwa rada, mfano Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa 2014. Rada haingoji jua. Hutuma mawimbi yake, yakapenya wingu, yakagonga chini na kurudi. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa: wimbi linateleza, linakwenda zake, na pale kwenye picha panatoka peusi. Ndivyo ilivyoonekana Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, mabonde ya bara yakageuka bahari.

Sasa nikuambieni aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi wa kazi hii nilipewa picha ya rada ya Unguja ya wakati wa masika. Kila penye weusi nikatia nyekundu, nikaichapisha, nikaipeleka kikaoni kifua mbele. Bonde la Cheju lote jekundu. Sheha mmoja akavua miwani, akainamia karatasi, akasema, "Mwanangu, umetufurikisha bure. Huu mpunga."

Kompyuta haikujua kuwa mpunga husimama majini, wala mimi sikuuliza. Lakini ningeweka picha ya masika ya mwaka uliotangulia kando ya ile, mpunga mwingi ungejifuta wenyewe, yakabaki maji mageni.

Mjini mambo hugeuka. Mitaa ya Ng'ambo, pale mjini Unguja, nyumba zimebanana. Wimbi linagonga maji, linaruka kwenye ukuta, linarudi kwa nguvu, basi penye mafuriko panang'aa. Anayetafuta weusi atakwambia Jang'ombe kukavu, na mwenye nyumba yuko juu ya meza na watoto wake. Kwa mitaa kama hiyo nategemea zaidi picha za droni. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na zile picha unahesabu mapaa. Ukijua bondeni kulikuwa na mapaa mangapi, unajua pia unatafuta watu wa nyumba ngapi.

Na pwani? Hapa wavuvi ndio maprofesa. Sentinel-2, ile ya kamera, hutupitia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, saa hizo maji yako wapi?

(Sauti: "Yamekupwa!")

Yamekupwa. Kwa hiyo picha ya bamvua inaonyesha ufuo mpana, mkavu, mzuri wa kupeleka kwa watalii. Bahari inapowaingilia watu wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, mashambani, jioni ya saa kumi, satelaiti ile iko nchi nyengine. Nimeona ripoti iliyoandikwa kwa picha kama hizo, na aliyeiandika hakuwa mjinga, alikuwa hajui maji yetu.

Basi ninachokuombeni masheha ni kidogo. Chagueni kitu kisichohama, mnazi, msingi wa skuli, ngazi ya msikiti. Kipigeni picha sasa, kiangazi, mahali pakiwa pakavu, na mwandike siku na saa. Maji yakija, msimame pale pale mpige tena. Ikiletwa pamoja na yangu ya rada, nitajua weusi wangu ni maji gani.

Simu mnazo. Tutoke nje, tuanze na ule mnazi wa pale kisimani.