Siku 10 hazingoji kopi

Wababa, wamama, na nyinyi vijana wa sheria mliojibana karibu na mlango: jambo hili nimelisema Katuba, nimelisema Ruashi, na leo nalirudia. Siku za kukata rufaa katika kesi ya jinai hapa kwetu Kongo ni 10. Kama ulikuwapo kwenye kesi, zinahesabiwa tangu hukumu ilipotamkwa. Si tangu ulipopata kopi!

Kijana mmoja alihukumiwa kwa kumsumbua msichana kwa meseji, usiku na mchana; akifungiwa laini, ananunua nyingine. Kaka yake akaenda grefe, ofisi ya karani wa mahakama, kuomba kopi ya hukumu. "Rudi juma lijalo." Akarudi. "Mashine haina wino." Akarudi tena. Familia ikachanga franka, ikatafuta avoka, yaani wakili, na avoka naye akasema tungoje kopi tuone sababu za jaji. Kopi ikatoka, safi, na mihuri yote. Siku 10 zilikuwa zimekwisha zamani. Mdogo mtu yuko gereza la Kasapa, familia imeshika karatasi. Na rufaa yenyewe ilidai nini? Kufika grefe, kusema "napiga apeli", kuandikiwa akti, yaani hati ya rufaa. Basi. Sababu zinafuata baadaye.

Naona mama mmoja ameshaninunia: avoka huyu anatetea wasumbufu. Mama, sikiliza. Huko Colorado, Marekani, Billy Counterman alimwandikia mwimbaji asiyemjua mamia ya meseji kwenye Facebook, tangu 2014. Akifungiwa, anafungua akaunti mpya. Alifika kumuuliza kama ni yeye aliyekuwa kwenye gari jeupe aina ya Jeep! Mwimbaji akaacha kutembea peke yake, akafuta baadhi ya maonyesho. Jamaa akapewa miaka 4 na nusu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 7 dhidi ya 2, ikaitengua hukumu. Walisema alifanya vema? Hata kidogo. Walisema mahakama za chini zilipima tu kama mtu wa kawaida angeogopa, bila kuuliza kama mwandishi mwenyewe alitambua hatari hiyo akaipuuza. Kesi ikarudishwa Colorado. Sasa niambie, mama, hukumu iliyojengwa vibaya ilimsaidia nani? Si yule mwimbaji.

Kwetu, sheria ya numerike, yaani ya mambo ya kidijitali, ya Machi 2023 imekwenda njia nyingine: inamshika aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba anavuruga vibaya utulivu wa mwenzake. Kwa hiyo usije kwangu na "sikujua" peke yake. Jaji wa rufaa atakuuliza: alipokufungia laini, ulielewa nini? Njoo na meseji zote, zake na zako, si zile tano zinazokupendeza.

Parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, nayo inaweza kukata rufaa ili adhabu ipande, wengi wanasahau. Kuhusu kifungo wakati rufaa inangoja, saa imeniishia. Na kasasyo, ile mahakama ya juu baada ya rufaa, ni siku 40, lakini hiyo ni mada ya mwaliko mwingine, kama mtanialika.