Maboza Ishirini na Mawili

Mbukwenyi! Nashukuru mmeitikia salamu yetu ya Kigogo. Kuna mahali nilisalimia hivyo, watu wakaniangalia tu.

Niliombwa nizungumzie upandaji miti. Nitafika huko, ila kwa kuchelewa, kwa sababu hapa kwetu Dodoma mti haujawahi kuwa jambo la kwanza. La kwanza ni maji, na jina la mji wenyewe linasema hivyo. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba tembo alishuka kunywa, akakwama topeni, watu wakasema idodomya, amezama. Mji tunaouita mkavu ulipata jina kwa sababu ya tope. Sasa jiulizeni, tope la kumzamisha tembo limekwenda wapi?

Hebu tufanye hesabu ya kiwanja kimoja, mita 20 kwa 20. Mvua yetu ni kama milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mita za mraba 400 mara 550, unapata lita 220,000. Kwa boza, lile lori la maji, la lita 10,000, hayo ni maboza 22. Kila mwenye kiwanja hicho humu ukumbini hushushiwa maboza 22 kila mwaka, hana risiti, hana deni. Ikifika Agosti anapiga simu kutafuta boza la kununua.

Sisemi kwa kucheka watu. Mimi nilipojenga nilichoshwa na vumbi, nikaweka pevingi, yale matofali ya kutandaza uwanjani, kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma. Pakapendeza. Mvua kubwa ya kwanza ya Januari, maji yote ya bati na ya uwanja yakatoka chini ya geti, yakavuka barabara hadi jikoni kwa jirani. Alikuja asubuhi, dada mpole kabisa, akasema, "Mwalimu, maji yako yamekuja kunisalimia." Niliona aibu. Nikang'oa mistari miwili ya pevingi kandokando ya ukuta, nikachimba mfereji wa kina cha goti, nikajaza kokoto, nikaelekeza bomba la bati humo. Pembeni nikapanda mkwaju. Mkwaju ule sijaumwagilia tangu mwaka wake wa pili.

Sasa zidisheni hilo geti langu. Sensa ya 2012 ilituhesabu Dodoma mjini watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Miaka kumi tu, bati mpya, zege mpya, lami mpya. Mvua haikuongezeka. Ila maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanakimbia, na yanakimbilia korongoni.

Hapo kwenye makorongo naomba nikae kidogo. Korongo sisi tunaliona ni kasoro ya ardhi, mahali pa kutupa taka na kuchimba mchanga wa kujengea. Lakini angalieni Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye visima vya Mzakwe tunavyonywea. Vina vya maji pale vimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 wanasayansi walichapisha kumbukumbu ya miaka 55. Walikuta kwamba maji ya chini hayajazwi na kila mvua. Yanaweza kushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa unayapandisha. Msimu wa El Niño wa 1997/98 uliyapandisha kuliko mwingine wowote. Tafsiri yangu ni hii: akiba yetu huwekwa siku chache sana, tena zile zile siku tunazolalamikia mafuriko. Na mlango mmoja ambao maji hayo hupitia ni mchanga wa mito ya msimu. Ukiziba mchanga kwa zege, au ukauchota wote ukabaki mwamba, siku ya akiba ikifika inakukuta mlango umefungwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Wapimaji mlioko hapa mnajua mnachokutana nacho huko mitaani. Najua pia kwamba mwenye kibanda ukingoni hakupenda kuwa pale. Kiwanja kilichopimwa ni bei. Ila kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, ukanda ule ukichorwa kuwa njia ya miguu, uwanja wa watoto na bustani za mchicha, watu wenyewe wataulinda, maana wanaupita kila siku. Mpango wa mji wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, nao ulitaka makazi yafuate vilima na mabonde, na watu wafike kituo cha basi kwa miguu. Haukuwa mpango mbaya. Ulikosa fedha, na baadaye ukakosa wa kuukumbuka.

Haya, miti. Kwanza, tafadhali, tupunguze ashoki. Mti umesimama kama askari wa gwaride, kivuli chake hakitoshi hata mbuzi. Ukitaka kujua mti wa mjini tazama bodaboda wameweka kijiwe wapi na mama lishe amepanga viti wapi. Utakuta mwarobaini, maana Septemba, jua likiwa kali na kila kitu kimekauka, bado una majani. Mkungugu, aina ya mgunga, una kivuli kama mwavuli na matunda yake mbuzi wanayagombania. Mbuyu ni heshima yetu, lakini kiangazi unavua nguo, usiupande kwa ajili ya kivuli cha kituo cha basi.

Pili, shimo lichimbwe kabla ya mvua, na upande wa chini wa mteremko uweke tuta la nusu mwezi ili maji ya barabarani yaingie kwenye mche. Tuna tabia ya kuweka mti juu ya kichuguu na maji kwenye mtaro wa zege hatua mbili pembeni, kila kimoja njia yake! Tatu, mche uwe na mwenyewe, mtu mwenye jina, angalau kwa kiangazi cha kwanza na cha pili. Siku ya kupanda watu huwa wengi na kamera zipo. Mbuzi anakuja Julai, wakati hakuna hata mmoja.

Maswali nitayapokea, lakini si humu ndani. Nyuma ya ukumbi huu kuna korongo, nimelipita nikija. Wenyeviti wa mitaa, wapimaji, na nyie wanafunzi, tushuke pamoja kabla ya chai. Mwenye viatu vya kisigino aazime ndala.