Nani Anashika Ufunguo? Kuandika Binadamu Mwenye Mashine Mwilini

Ndugu zangu waandishi, nanyi mliokuja kwa kupenda tu hadithi, asanteni kwa kufika.

Nianze na mtu. Mwaka 1958, nchini Uswidi, Arne Larsson alikuwa na umri wa miaka 43 na alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukisimama. Mkewe, Else-Marie, alipata habari kwamba daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakijaribu kifaa cha kuusukuma moyo kwa umeme. Wakamwambia hakijawa tayari kwa binadamu. Akawaganda mpaka wakakubali. Elmqvist alikifunika kifaa kwa resini, yaani plastiki inayoganda, na kalibu aliyotumia ilikuwa kopo la rangi ya viatu. Tarehe 8 Oktoba kikapandikizwa. Kikafanya kazi kwa saa chache, kikanyamaza. Wakaweka kingine.

Larsson alifariki Desemba 2001, akiwa na miaka 86. Mhandisi alikwisha kutangulia, na daktari pia. Katika miaka 43 tangu upasuaji ule, Larsson alikuwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Wengi wetu tukipewa habari hii tutaandika usiku ule wa kwanza: mke anayesihi, kopo la rangi, moyo unaoamka. Ni tukio zuri, sikatai. Lakini mimi kinachonishika ni vile vifaa zaidi ya 20. Kila kimoja kina siku yake ya kuanza kuchoka. Kila kimoja kina mtu aliyekiunda, mtu aliyekipima, na asubuhi ambayo Larsson alivua shati tena na kulala tena juu ya meza ya upasuaji. Hiyo ni riwaya nzima, na kwa sehemu kubwa haijaandikwa.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba ukimpa mhusika kiungo cha mashine, unamwingizia mwilini watu wengine. Yupo anayejua kukirekebisha. Yupo mwenye nywila. Yupo mwenye mamlaka ya kuamua kwamba modeli hiyo haitatengenezwa tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wao waliishia nguoni. Sisi tunaandika kilichokwisha kupita chini ya ngozi.

Neno lenyewe, saiborgi, yaani binadamu aliyeunganishwa na mashine, lilitungwa mwaka 1960 katika makala ya wanasayansi Manfred Clynes na Nathan Kline, waliokuwa wakifikiria safari za anga. Hoja yao ilikuwa kwamba badala ya kumbebea mwanaanga mazingira ya dunia, mwili wake urekebishwe uyamudu mazingira ya huko. Mashine ishughulike yenyewe na mambo ya mwili, mtu abaki huru kuchunguza, kubuni, kufikiri na kuhisi. Ilikuwa ndoto ya uhuru, na naiheshimu. Ila katika makala yao hiyohiyo kuna picha ya panya mwenye pampu ndogo chini ya ngozi, inayomtia kemikali polepole bila kukoma. Kila ninapoikumbuka najiuliza ni nani aliyeijaza ile pampu, na panya angesema nini kuhusu uhuru.

Sasa niwape mfano ambao ulibadilisha namna ninavyoandika. Kulikuwa na kampuni iliyotengeneza kipandikizi cha jicho chenye elektrodi 60, yaani vidude vidogo vya kupitishia umeme. Kamera ndogo kwenye miwani ilipeleka picha kwenye kipandikizi, na mtu aliyekuwa haoni kabisa akapata mimweko ya mwanga, kingo za mlango, umbo la mtu anayekaribia. Zaidi ya watu 350 waliwekewa. Kisha biashara ikayumba, kampuni ikaacha kutengeneza vifaa hivyo, na watu wakabaki na macho ambayo hayana fundi wala vipuri. Hata kabla ya hapo, mwanamke mmoja alikuwa akibadilisha treni katika stesheni ya chini ya ardhi huko New York, saa ya msongamano, aliposikia milio michache kisha kifaa kikazima. Giza likarudi, na halikuondoka.

Nawaomba mkae na stesheni hiyo kidogo. Watu wanampita. Treni inaingia, na upepo wake anausikia usoni. Anajua ngazi ziko wapi, kwa sababu aliishi bila kuona kwa miaka mingi kabla ya kifaa, na ujuzi huo haujamtoka. Hana haja ya kuokolewa. Lakini kuna kitu amepokonywa, na aliyempokonya hayupo pale, hana uso wala nia mbaya. Adui wa namna hiyo ni mgumu kumwandika kuliko jitu lenye mkono wa chuma. Nami naamini ndiye tunayepaswa kujifunza kumwandika.

Mwaka 2017, nchini Marekani, wenye vifaa vya moyo vya aina fulani, vipatavyo 465,000, walitakiwa kwenda kliniki kusasishiwa programu, kwa hofu kwamba mdukuzi angeweza kuviingilia kutoka nje. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache. Fikirini umekaa kwenye benchi, unasubiri zamu, ili moyo wako usasishwe. Unamwazia nini aliyekaa kando yako? Unamwambia nini mwanao aliyekusindikiza? Maswali hayo yanatosha kuanzisha hadithi, wala hayahitaji mwaka 3000.

Jambo lingine ni hisia. Tunaandika kiungo kipya kama taa: unabonyeza, inawaka. Mwili haufanyi hivyo. Sikio la ndani lina seli za kusikia zipatazo 15,000. Kipandikizi cha sikio hutumia elektrodi 22 hivi, au pungufu. Siku ya kukiwasha, wengi waliopoteza usikivu ukubwani husema sauti za watu wao zinakuja kama za mashine, nyembamba, zenye mikwaruzo. Inachukua wiki na miezi ubongo kujifunza kwamba ule mlio ni jina lako. Mwandishi akiruka miezi hiyo ameruka hadithi. Na usiku, wengi huvua sehemu ya nje ya kifaa, wakalala katika ukimya kamili. Nimewahi kumwandika mke ambaye, ugomvi ulipokolea, aliinua mkono taratibu akakivua kifaa chake, akamwacha mumewe akitikisa midomo. Sikuhitaji kuandika neno lingine katika sura ile.

Kumbukeni pia kwamba wapo Viziwi wengi wenye lugha yao ya ishara, utani wao na mashairi yao, wasioona kwamba wana kitu cha kurekebishwa. Hadithi inayodhani kila mtu anasubiri kuongezewa kitu haijawasikiliza.

Wala kuongezewa hakuendi upande mmoja. Markus Rehm, mwanariadha wa Ujerumani, hushindana katika kuruka mbali akitumia mguu bandia wa kaboni. Mwaka 2015 aliruka mita 8.40, mwaka uliofuata dhahabu ya Olimpiki kule Rio ilikwenda kwa mita 8.38, naye hakuruhusiwa kushindana kwa sababu hakuweza kuthibitisha kwamba mguu haumpi faida. Waliomchunguza waliona kwamba mguu huo unampunguzia kasi anapokimbia, lakini unamsaidia anapochupa. Ni faida na hasara katika mguu mmoja. Mpeni mhusika wenu mchanganyiko kama huo.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo tuna utajiri ambao sioni tukiutumia.

Kiswahili husema "nimevunjika mkono." Aliyevunjika ni mimi, mkono unaonyesha tu ni wapi. Lakini hakuna anayesema "nimeharibika simu." Simu imeharibika, mimi nipo kando, mzima. Mpaka kati ya mwili na mali umo ndani ya kitenzi, na kila mtoto anaujua bila kufundishwa. Basi mhusika wako mwenye mkono wa mashine atasema nini siku mkono huo unapopata hitilafu? Wiki ya kwanza atasema "umeharibika." Mwaka wa pili, bila kujitambua, huenda ikamtoka "nimevunjika mkono." Msitangaze badiliko hilo. Msiweke aya nzima ya mhusika kutafakari utu wake mbele ya kioo. Badilisheni kitenzi tu, na msomaji wa Kiswahili atashtuka mwenyewe.

Angalieni na ngeli. Tuna maneno kama kipofu na kiwete, yanayoanza kama majina ya vitu, na watu wengi wenye ulemavu hawayapendi, kwa haki kabisa. Hata hivyo upatanisho hauwatupi: tunasema "kipofu amefika." Ile "a" inamrudisha mtu kwenye utu wake. Sasa mwazieni kamanda anayempokea askari aliyepandikizwa mashine mwili mzima, akaandika katika ripoti yake: "Kimefika salama." Silabi moja imetosha kumtoa askari yule kwenye kundi la watu. Lugha isiyotofautisha mtu na kitu katika kitenzi wala kiwakilishi ingehitaji maneno zaidi kufanya jambo hilo, na isingeuma hivyo. Upande wa pili, mama yake akipiga simu kuuliza "Amefika?", mmekwisha kupata mgogoro wa hadithi yenu, na hamjaeleza hata skrubu moja.

Ndiyo maana huwaomba vijana wanaoniletea miswada wapunguze kueleza mashine. Msomaji hahitaji kujua mkono unatumia injini gani. Anahitaji kujua unachajiwa wapi usiku, na kama mhusika anaona aibu kuuweka mezani penye wageni. Anahitaji kujua dhamana yake inakwisha lini.

Nitawasomea kipande cha hadithi ninayoiandika sasa, kisha nipokee maswali.

"Alianguka ngazini akiwa amembeba mtoto, akautanguliza mkono wa kushoto kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mtoto hakuumia. Kesho yake alisimama mbele ya dirisha la mafundi, mkono ukining'inia, vidole vitatu vikicheza vyenyewe.

'Nimevunjika mkono,' alisema.

Fundi hakuinua uso. 'Nambari ya kifaa?'

'Nimesema nimevunjika mkono.'

'Nimekusikia, dada. Nambari iko ndani ya kiwiko. Kama hufikii, geuka nikusomee.'

Akageuka."