Nakuru: Ardhi Yake, Maji Yake na Watu Wake

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu na vijana mliofika jioni hii, nawashukuru kwa mwaliko. Niliombwa nieleze jiografia ya Nakuru na idadi ya watu wake, nami nimeona heri nianze na jambo moja ambalo naamini ndilo linaloyabeba mengine yote: jiji letu limekaa ndani ya beseni. Maji yanayoingia humu hayana mto wa kuyatoa kuelekea baharini. Yakishafika Ziwa Nakuru hukaa humo mpaka jua liyakaushe au ardhi iyanywe.

Atakayepanda hadi ukingo wa Menengai, kwenye mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ataliona beseni hilo bila kuhitaji ramani. Nyuma yake ni shimo la volkeno ambalo upande wake mrefu unafikia kilomita 12 hivi. Mbele yake mteremko unashuka kupitia Milimani, unavuka katikati ya mji, barabara kuu na reli, kisha unaishia ziwani, ambako ni takriban mita 1,759. Mkono wake wa kulia ni miinuko ya Mau, wa kushoto ni miinuko ya Bahati. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huishia katika ziwa hilohilo, pamoja na kila tone linalotiririka kutoka paa la mabati la mtaa wa Kaptembwo au lami ya barabara za mjini.

Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno na mawe mepesi yenye vitundu. Jina la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na Kimaasai, kwa maana ya mahali pa vumbi, na aliyekaa hapa miezi ya kiangazi haulizi kwa nini. Udongo huo hunywa maji upesi, na chini yake imepita mipasuko ya Bonde la Ufa. Ndiyo sababu mvua kubwa ikinyesha, ardhi ya Rhonda na Kaptembwo hudidimia mahali fulani na kuacha mashimo marefu yaliyonyooka kama mtaro. Volkeno hiyohiyo imetia floraidi, madini yanayotia meno madoa, katika maji ya visima. Mimi nililelewa kwa maji ya kisima, na ninyi mliokaa mbele mnaona madoa ya kahawia kwenye meno yangu. Nilipokwenda kusoma mbali na hapa, wenzangu walinitambua kuwa mtu wa Bonde kabla sijataja kwetu. Madoa haya hayatoki, na mtoto huyapata angali mdogo, wakati meno ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi. Programu ya maji ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilionyesha kwamba floraidi inaweza kupunguzwa kwa kuchuja maji kupitia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na ningependa kila shule yenye kisima iulize juu ya kichujio hicho.

Sasa nije kwa watu. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Walowezi walitwaa mashamba makubwa ya ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na vibarua wakaja kutoka pande zote za nchi kuyalima. Watoto wa vibarua hao ndio wazee wengi wa Bondeni na Kivumbini. Baada ya uhuru zikaja kampuni za kununua ardhi, ambazo wanachama walichanga fedha kidogo kidogo wakagawana mashamba ya walowezi. Kisha kuna waliokuja bila kupenda. Mapema mwaka 2008, uwanja wa maonyesho ya kilimo, pale tulipozoea kupeleka watoto wakatazame mafahali na mbegu bora, uligeuka kambi ya mahema ya watu waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi. Wengi wao hawakurudi walikotoka. Mtu akiniuliza kwa nini Nakuru imekua upesi, humkumbusha kwamba ukuaji wetu una msiba ndani yake.

Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 47,000 na ushei. Mwaka 1979 walikaribia 93,000. Mwaka 2009 walikuwa yapata 308,000. Mwaka 2019 wakawa 570,674. Nawaomba msiitumie tarakimu hiyo ya mwisho ovyo, maana kati ya sensa hizo mbili mipaka ya kuhesabia ilipanuka ikameza sehemu zilizokuwa mashamba. Kwa hivyo ongezeko hilo lina mambo mawili ndani yake: watu wapya waliokuja mjini, na wakulima ambao mji uliwafuata walipo. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipopewa hati ya kuwa jiji la nne la Kenya, baadhi ya wakazi wa jiji hilo walikuwa bado wanakamua ng'ombe alfajiri.

Tazameni njia ya kwenda Kiamunyi au Bahati. Eka moja ya mahindi ikikatwa hutoa ploti nane za futi 50 kwa 100. Mwaka wa kwanza unaona vigingi na waya. Mwaka wa pili ukuta wa mawe na geti la chuma, na upande wa pili wa ukuta mahindi ya jirani ambaye bado hajauza. Simlaumu anayeuza, kwa sababu karo ya shule haingoji msimu. Lakini bomba la maji taka halijafika huko, kwa hiyo kila ploti huchimba shimo lake la choo, katika udongo uleule wa majivu, juu ya mteremko uleule, mara nyingine hatua chache tu kutoka kisimani.

Nimalizie na ziwa. Katikati ya miaka ya 1990 kuna wakati lilikauka karibu lote. Mwaka 2010 lilikuwa na eneo la kama kilomita mraba 40, na kufikia 2020 lilikuwa limepita 60, likazamisha lango kuu la hifadhi ya wanyama ya Ziwa Nakuru na kuingia katika nyumba za mtaa wa Mwariki. Maji mengi yalipunguza makali ya magadi, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, nao heroe wakahamia Ziwa Bogoria kwa wingi. Sisemi kwamba jiji ndilo lililolijaza ziwa. Ziwa Baringo nalo limepanda, na huko hakuna jiji. Mvua ndiyo sababu kubwa. Hata hivyo, mwaka 2001 serikali iliondoa kwenye hifadhi ya misitu hekta 35,000 hivi za msitu wa Mau Mashariki, chanzo cha mito yetu, na tangu hapo maji yaliyokuwa yakishikwa na miti hushuka kwa kasi yakibeba tope. Sisi tukaongeza mapaa na lami njiani.

Ombi langu kwa wanaopima viwanja ni moja: ramani ya ploti isichorwe bila mistari ya miinuko, na mnunuzi aonyeshwe ziwa lilifika wapi lilipopanda mara ya mwisho, kabla hajalipa hata shilingi. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, lakini naomba kipaza sauti kianzie kule nyuma, kwa wenzetu wa Mwariki. Wao wana alama ya maji kwenye kuta za nyumba zao.