Kabla ya Kusajili Kikundi, Tafuteni Mizani

(Mhadhara uliotolewa kwa vijana jijini Mwanza na afisa ushirika mstaafu)

Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Wanangu, hamjambo? Mada niliyoandikiwa inasema, "Kwa nini watu huunda vikundi, na nafasi ya kijana katika kuihudumia jamii." Walionialika wananifahamu, walijua kabisa nitaishia kwenye pamba. (Kicheko.) Anayetaka kutoka, mlango ule pale.

Nianze kwa swali. Wangapi hapa mmo kwenye kikundi kilichosajiliwa? Nyoosheni mikono, msione haya. Wengi. Sasa wangapi mlikisajili mliposikia mkopo wa halmashauri umefunguliwa? Eeh, mikono ni ileile! Mnakwenda steshenari, mnanunua katiba iliyokwisha chapishwa, mnajaza jina. Mwenyekiti ni wewe, katibu mdogo wako, mhazini shemeji, wajumbe ni watoto wa mjomba. Halafu mnashangaa kwamba mwaka 2023 Serikali iliisimamisha kwa muda mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vikundi hewa na pesa zisizorejeshwa.

Msininukuu vibaya. Sipingi mkopo. Katika ile 10, asilimia 4 ni ya vijana, bila riba. Ni neema, chukueni. Ninachosema ni kwamba pesa haiwezi kuwa sababu ya watu kukaa pamoja, kwa sababu pesa hugawanywa, na ikishagawanywa kila mtu anakwenda kwake. Watu hukaa pamoja kwa sababu ya kero ambayo mmoja peke yake haiwezi. Mzee amefariki, kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Shamba la pamba limeingiwa na magugu kwa wiki moja, mikono miwili haitoshi. Wasukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima, na mkubwa wao akiitwa nsumba ntale. Walikwenda shamba kwa shamba, jembe na ngoma pamoja, makundi mawili ya ngoma, Bagalu na Bagika, yakishindana. Hakuna aliyewaandikia katiba.

Sasa pamba. (Kicheko.) Chekeni, lakini nisikilizeni vizuri.

Miaka ya mwanzo ya 1950, hapa kanda ya ziwa, mkulima alikuwa akivuna, akifunga mzigo, akiubeba hadi kwenye kituo cha mnunuzi. Pale kuna mizani. Mizani ni ya mnunuzi, anayesoma ni karani wa mnunuzi, anayeandika ni karani huyohuyo. Yeye ndiye anayesema hii ni pamba safi au hii ni fifi, yaani ya daraja la chini. Mkulima anaambiwa uzito wake, anapewa hela, anaondoka. Nyumbani alijua mzigo ule ulimwinamisha shingo, lakini atathibitishaje? Malalamiko ya kupunjwa yalijaa vijijini. Kila mkulima aliyajua, kila mmoja alinung'unika kivyake, na pamba ya msimu uliofuata ikaenda kwenye mizani ileile.

Walifanyaje? Hawakuanza na benki, wala hawakuanza na harambee ya kununua jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Waliweka wapimaji wao wenyewe pale vituoni! Kijana anayejua kusoma namba anasimama na mizani ya wakulima, mzigo unapimwa kwanza kwake, mkulima anaingia kwa mnunuzi akiwa tayari anajua alichobeba. Basi. Huo ndio mwanzo. Elimu iliyohitajika ni ya darasa la nne.

Kutokana na hilo, mwaka 1952 kikaja chama cha wakulima wa jimbo la ziwa, vyama vya msingi vikafuata, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chombo hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, kina majineri yake. Aliyekuwa mbele ni Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Amezaliwa 1925. Hebu pigeni hesabu: mwaka 1952 alikuwa na umri gani? Ishirini na saba! Leo mtu wa miaka 27 ananiambia, "Mzee, sisi bado tunajipanga." Mnajipanga mpaka lini?

Namuona yule pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: "Mbona vyama hivyo hivyo vilikula pesa za wakulima?" Kweli kabisa. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1968 Serikali ikaivunja VFCU. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa nchi nzima, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Nimefanya kazi ndani ya ushirika, sitauosha mbele yenu. Lakini tazameni uliozea wapi. Chama kilipokua, mizani ikahamia kwenye vitabu. Leja, stakabadhi, makato, taarifa ya mkaguzi. Mwanachama akarudi palepale alipokuwa mbele ya karani: anaambiwa, anaitikia, anaondoka. Safari hii karani ni mtoto wa jirani yake. Wale vijana wa kusoma namba walikuwa wapi? Walishapata kazi mjini.

Hapo ndipo ninapowataka ninyi. Mama zenu wako kwenye vikoba. Kila wiki wanaweka hisa, wanaweka mfuko wa jamii, mwisho wa mzunguko wanagawana. Nani anaandika daftari lile? Mara nyingi mmoja tu, na wengine wanamwamini kwa sababu anasali. Nenda ukakae nao, uwafundishe watatu wengine kupiga ile hesabu. Usichukue ukatibu! Fundisha, toka. Kwenu kuna AMCOS, chama cha ushirika cha mazao. Siku ya mkutano mkuu taarifa ya fedha husomwa haraka haraka kama tangazo la mpira, watu wanapiga makofi, wanakula wali. Omba nakala siku tatu kabla, kaa chini ya mwembe na wakulima kumi, wasomee makato moja moja kwa Kisukuma. Kijijini kuna chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini: ndoo inauzwa shilingi ngapi, dizeli imekula ngapi, kilichobaki kiko wapi? Waulize viongozi wake kwa adabu, lakini uliza.

"Mzee, hiyo kazi hailipi." Hailipi, ndiyo. Kulala na simu hadi saa nane usiku kunakulipa kiasi gani? (Kicheko, makofi.)

Nilikuwa nizungumzie na vikundi vya ulinzi vya sungusungu, vilivyozaliwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, halafu baadhi yao wakageukia vikongwe wenye macho mekundu, wakiwashuku uchawi. Kikundi kisicho na mtu wa kuuliza "ushahidi uko wapi?" kinaweza kuua. Hilo linataka siku yake. Na suala la wasichana kupewa uhazini tu na kunyimwa uenyekiti, mwenyekiti wangu ananionyesha saa, basi nalo nitalisema nikialikwa tena.

Kuna karatasi inazunguka, ya wanaojitolea kwa kazi ile ya kufundisha na kuuliza hesabu. Anayeandika jina aandike na kijiji chake, jina la AMCOS au kikoba cha kwao, na tarehe ya mkutano wao unaofuata. Asiyejua tarehe asijiandike, apige simu nyumbani kwanza.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma kule mwenye fulana ya kijani. Kama ni la mkopo, kaa kwanza.