Mbuyu Ulionenepa kwa Chai

RIZIKI: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu kwa anayetaka kuorodhesha miti na magofu ya kijijini kwao: kupima mti, vigae vya vyungu vya kale, na kupiga picha kaburi. Lakini kwanza Bakari atueleze, viganja vimechubuka na nini?

BAKARI: Kamba, dada. Juzi nilikuwa Kilifi kuisaidia kamati ya kijiji kuchora ramani. Tukaanza na mbuyu. Natoa futi yangu ya fundi cherehani, mita 1.5, haifiki popote. Mama mmoja akaenda kutufungulia kamba ya kisima.

RIZIKI: Ya katani?

BAKARI: Ya katani, inachuruzika maji. Tukaizungusha mita 1.3 kutoka chini, juu ya mikunjo, tukapiga fundo.

RIZIKI: Katani ikilowa hufupika. Uliipima papo hapo?

BAKARI: Mwenye shamba alituita chai. Ningekataaje?

RIZIKI: Basi ilikauka, ikarefuka! Mbuyu umenenepa kwa chai.

BAKARI: Mita 14.2, nimeandika.

RIZIKI: Andika na chai. Vikombe vingapi?

BAKARI: Viwili.

RIZIKI: Na umri? Usiniambie umeukisia kwa unene. Mbuyu huota mashina kadhaa yakaungana, na ndani mara nyingi ni mtupu.

BAKARI: Nimeandika alivyosema mzee: babu yake aliukuta hivyo hivyo. Ramani ikikamilika tutaibandika ofisini kwa chifu, kila mtu aione. Miti, makaburi, vigango, zile sanamu za mbao za kuwakumbuka wafu, vyote.

RIZIKI: Vigango hapana.

BAKARI: Riziki, mwaka 2022 mibuyu iling'olewa hapa hapa Kilifi ipelekwe nchi ya Georgia. Kisichojulikana hakina wa kukililia.

RIZIKI: Na vigango vilivyoibwa makaburini? Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver liliachia 30 virudi Kenya. Vilifikaje Marekani? Kuna aliyeonyeshwa njia. Kigango ni mtu wa watu, Bakari, kimesimamishwa kwa ajili ya marehemu. Hakiwi alama kwenye ramani ya ukutani.

BAKARI: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasema ukigundua kitu cha kale, toa taarifa ndani ya siku 7, na mahali hasa kilipo.

RIZIKI: Kwa Makumbusho ya Taifa! Si kwa kila anayefuata kitambulisho kwa chifu.

BAKARI: Mwizi anajua tayari. Asiyejua ni kijana wa pale, anayechukua mawe ya gofu ajengee choo.

RIZIKI: Huyo kijana apelekwe na wazee, aonyeshwe kwa mkono.

BAKARI: Wazee wanaondoka, dada.

RIZIKI: Najua wanaondoka. Bado nasema hapana.

BAKARI: Nami nasema ibandikwe.

RIZIKI: Dakika mbili zimebaki. Vigae hatujavigusa, wala kupiga picha kaburi la nguzo.

BAKARI: Vigae msiviokote, viacheni pale pale. Mengine wiki ijayo. Jumamosi narudi kuupima mbuyu upya.

RIZIKI: Kwa kamba kavu?

BAKARI: Kavu. Na chai baadaye.