Uimara hausubiri sprinti ya mwisho

Jamani naanza palepale ninapoanzaga siku zote, walioshanisikia mnivumilie. Simu ya Note 7. Samsung waliiingiza sokoni Agosti 2016, tarehe 2 Septemba tayari wanatangaza kuirudisha, simu milioni 2.5, betri zinawaka moto. Sawa, kukosea kupo. Kinachoniuma mimi ni kilichofuata. Wakakimbilia betri za msambazaji mwingine, wateja wakapewa simu mpya, na zenyewe zikawaka! Oktoba wakaifuta kabisa. Januari 2017 wakatoa majibu: betri za kwanza zilikuwa zimebanwa kwenye kona, za pili zina vincha vya weldingi vinavyotoboa ile plastiki nyembamba inayotenganisha chanya na hasi, na nyingine hazikuwekwa hata tepu ya kuhami. Magonjwa mawili tofauti, dalili moja. Na ili wajue hivyo walijaribu simu 200,000 na betri 30,000, baada ya moto. BAADA!

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema mwalimu, sprinti yetu, yaani ile awamu fupi ya kazi ya timu, ni wiki mbili, muda wa kujaribu kabla ya kuuza tunautoa wapi. Nakuelewa, unawaza ile hesabu ya kuthibitisha, kwamba ukitaka uhakika wa asilimia 90 kuwa vifaa 99 kati ya 100 vitamaliza muda wake, inabidi ujaribu 230, kila kimoja muda wake wote, na kisife hata kimoja. Hiyo haiingii wiki mbili na wala sijakuomba hiyo. Nakuomba chukua prototaipu tatu, yaani vifaa vya mfano vya kujaribia, zipashe, zipoze, zitikise, ongeza kidogokidogo mpaka moja ife, halafu ifungue uone kilichokufa ni nini. Siku mbili tatu tu. Hujathibitisha kitu, ila umeshajua udhaifu uko wapi wakati kurekebisha bado ni kuchora upya, moldi, ile kalibu ya kiwandani, hujailipia.

Na mtu asiniambie hiyo siyo lini, yaani "lean", ule mtindo wa kazi wa Toyota wa kuondoa upotevu. Lini imeanzia hapohapo! Sakichi Toyoda, kabla hata ya magari, mwaka 1924 alikamilisha mtambo wa kufuma unaosimama wenyewe uzi ukikatika. Unasimama pale pale, hauendelei kufuma kitambaa kibovu eti mkaguzi atakitupa jioni. Sasa nyie mmeichukua lini mkabeba neno moja tu, kupunguza, mkapunguza na majaribio mkasema yanapoteza muda, jamani!

Kuhusu kuorodhesha njia ambazo kifaa kinaweza kufa nilitaka niseme kirefu ila naona naonyeshwa saa. Kwa haraka: orodha hiyo ikae ukutani kuanzia sprinti ya kwanza, siyo fomu ya kujaza usiku wa kuamkia ukaguzi, na kila kifaa kinachorudi kimevunjika kiingie kwenye kazi za sprinti inayofuata, mbele ya vipengele vipya vya bidhaa. Mbele, siyo nyuma. Ya programu tutaongea siku nyingine. Haya, dada pale mbele, swali lako.